Kujipamba au Kujieleza: Njia Mbili za Kuomba Vyuo Vigumu vya Marekani Ukiwa Kigoma au Tabora

Kila Julai matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka, huwa kuna vijana wachache wa huku kwetu, Kigoma na Tabora, wanaokuja na swali moja: nimepata Daraja la Kwanza la pointi tatu, nifanye nini nionekane Harvard, Yale, Princeton au MIT? Ni swali zuri. Kinachonisumbua ni majibu wanayopewa mitaani. Mmoja anaambiwa akimbie kufungua klabu. Mwingine anaambiwa asimulie umaskini mpaka msomaji alie. Wa tatu anapelekwa steshenari akaandikiwe insha na mtu asiyemjua hata jina la ukoo. Nataka njia hiyo niiweke mezani, pembeni yake niweke nyingine ninayoiamini, uzitazame zote mbili ndipo uchague.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Hapa nyumbani, ukiomba chuo kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, alama ndizo zinazosema karibu kila kitu. Programu ina vigezo vyake, wewe una pointi zako, na ushindani ukiwa mkubwa mwenye pointi nzuri zaidi anatangulia. Hakuna anayekuuliza jioni unafanya nini. Kule ni tofauti. Harvard, kwa miaka ya karibuni, imekuwa ikichukua waombaji 3 au 4 hivi katika kila 100, na wengi wa wanaoachwa nao wana alama za kung'ara. Alama lazima uwe nazo, hilo halina mjadala. Ukishakuwa nazo, msomaji wa maombi anabaki na swali jingine: huyu ni nani hasa, na tukimleta hapa atakuja na nini?

Kujipamba ni kukusanya vyeti, vyeo na maneno makubwa mpaka fomu ijae. Kujieleza ni kuchukua machache unayoyafanya kweli na kuyasema kwa undani, kiasi kwamba mtu mwingine akitaka kuyaandika atashindwa kwa sababu hakuwepo.

Orodha ya shughuli

Fomu ya Common App, inayopokelewa na vyuo zaidi ya 1,000, ina nafasi 10 za shughuli. Kila shughuli unaieleza kwa herufi 150 tu, na nafasi kati ya maneno zinahesabiwa. MIT wana fomu yao wenyewe, na wao wanataka shughuli nne, basi.

Mchukue kijana wa Kibirizi ambaye mama yake ananunua dagaa mwaloni, anaanika, anauza. Akijipamba, nafasi yake ya kwanza itasomeka hivi:

*Mwanzilishi na Mwenyekiti wa taasisi ya vijana ya mabadiliko ya jamii. Nimehamasisha vijana zaidi ya 500 kuhusu maendeleo endelevu.*

Akijieleza, nafasi ile ile itasomeka hivi (kwa Kiingereza, bila shaka, lakini maana ni hii):

*Naanika dagaa na mama alfajiri. Naandika bei ya beseni kila siku na hali ya mwezi. Daftari hutuonyesha siku za kununua na za kusubiri.*

Tazama ya kwanza. Vijana 500 nani aliwahesabu? Walihamasishwa wakafanya nini? Msomaji amekutana na sentensi hiyo asubuhi hiyo hiyo kutoka miji mingine kadhaa, ikiwa na neno moja moja lililobadilishwa. Sasa ya pili. Mtu yeyote wa Kigoma anajua dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikishakuwa kali taa hazivuti tena, mitumbwi inalala, dagaa wanaadimika sokoni. Lakini wangapi wameiandika bei siku kwa siku wakaona mwendo wake? Huyu ameiandika. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kama daftari lake linavuka kipindi kile, ana kitu ambacho profesa wa uchumi angevuta kiti aanze kumuuliza maswali. Na hakufungua taasisi yoyote. Alikuwa anamsaidia mama yake.

Vijana wetu wengi hawajui kwamba kazi ya namna hii inakubalika. Wanadhani shughuli maana yake ni klabu ya mdahalo, baraza la wanafunzi na bendi ya shule. Common App yenyewe, kwenye orodha ya aina za shughuli, imeweka majukumu ya familia na imeweka kazi ya kulipwa. Mwaka 2016 mradi mmoja wa kitivo cha elimu cha Harvard ulitoa ripoti iliyoungwa mkono na maofisa wa udahili wa vyuo vingi, ikihimiza kwamba kulea wadogo au kufanya kazi kusaidia nyumbani kuhesabiwe kuwa mchango wa kweli, na kwamba shughuli chache zenye uzito ziwe bora kuliko msururu mrefu. Kwa hiyo ukiwa Urambo na kila msimu unasaidia kufunga tumbaku, iandike. Ukiwa Mwanga, hapa Kigoma mjini, na wewe ndiye unayewaamsha wadogo zako, unawapikia uji na kuwavusha barabara kabla ya kukimbilia shule, iandike pia. Fomu inauliza saa ngapi kwa wiki na wiki ngapi kwa mwaka. Jibu kweli. Utashangaa namba ilivyo kubwa kuliko ya klabu yoyote.

Mwenye klabu halisi asinielewe vibaya. Kama mmeanzisha kitalu cha miche shuleni na bado kipo, hiyo si pambo. Pambo ni kile kilichozaliwa wiki mbili kabla ya fomu kufungwa.

Insha

Insha kuu ya Common App inataka maneno kati ya 250 na 650. Hapa ndipo vijana wa kwetu wanapovutwa kuliko mahali pengine popote kwenda kwenye shida. Nimesoma rasimu nyingi, na nyingi zinaanza kama hii:

*Nilizaliwa katika kijiji maskini barani Afrika ambako maji safi ni ndoto. Nilitembea umbali mrefu kwenda shule, lakini sikukata tamaa, kwa kuwa elimu ni ufunguo wa maisha.*

Huenda kila neno hapo ni kweli. Bado simwoni mwandishi. Futa jina, weka la kijana mwingine wa nchi nyingine, insha itasimama vile vile. Sasa soma mwanzo huu, wa binti wa Sikonge ambaye kwao wanafuga nyuki:

*Baba mdogo hutengeneza mzinga kwa kuvua gome la mti mzima. Mzinga unapatikana, mti unakufa. Siku moja nilimuuliza mti ule ungewapa nyuki maua kwa miaka mingapi. Alinyamaza, akaendelea kuvua gome, kisha akasema: mwanangu, mzinga wa mbao ni pesa. Alikuwa na haki. Usiku ule nilichukua kalamu nikaanza kupiga hesabu.*

Maneno hayazidi 60, na tayari kuna watu wawili wanaopendana wanaoona jambo moja kwa macho mawili. Kuna msitu wa miombo, kuna bei, kuna binti aliyeuliza kwa adabu badala ya kubishana na mkubwa wake, kisha akaenda kutafuta jibu mwenyewe. Msomaji anataka kujua hesabu ilitoka vipi. Umaskini upo ndani yake, umesemwa kwa maneno matano, *mzinga wa mbao ni pesa*, na hakuna aliyeombwa huruma.

Sisemi ufiche shida. Kuna mahali pake. Common App ina sehemu ya hiari, isiyozidi maneno 250, kwa ajili ya mazingira na changamoto zilizokuathiri. Huko ndiko useme wazi kwamba maabara haikuwa na kemikali, mlikuwa wanafunzi wengi kwa kitabu kimoja, au baba alifariki ukiwa Kidato cha Tatu na ukakosa muhula. Sema kama unavyotoa taarifa, bila kupaka rangi. Ukishafanya hivyo insha kuu inakuwa huru, unaweza kuitumia kuonyesha unavyofikiri.

Kishawishi kingine ni watu wakubwa waliopita kwetu. Kijana wa Tabora anataka kuandika kuhusu Mwalimu Nyerere kusoma Tabora, na wa Kigoma anataka kuandika kuhusu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, kufika Gombe mwaka 1960. Ni fahari yetu, najua, lakini habari hizo msomaji anazipata bila wewe. Zinaingia ikiwa tu mkono wako umo. Roots & Shoots, mpango wa vijana wa kutunza mazingira, kwa mfano, ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991 kwa Goodall na kikundi cha wanafunzi. Kama wewe uko kwenye klabu yake shuleni, niambie miche mingapi ilikauka na kwa nini, na mlibadilisha nini msimu uliofuata. Hiyo nitaisoma mpaka mwisho.

Jambo dogo la ufundi: msomaji aliyeko Massachusetts hajui Ujiji iko wapi wala mgebuka ni nini. Mpe maneno manne au matano ya kumwelekeza, uendelee. Aya nzima ya historia ya mji inakula nafasi yako.

Kiingereza chako au cha mwingine

Steshenari zetu zinafanya kazi kubwa. Fomu za mkopo, maombi ya vyuo, vyeti vya kuskani, yote yanapita pale. Tatizo linaanza kijana anapomwambia yule wa kompyuta, "Kaka, niandikie tu," na kaka anafungua faili la mwaka jana, anabadilisha jina. Siku hizi kaka anauliza programu ya akili bandia, inatoa kurasa mbili zinazong'aa.

Linganisha matokeo. Insha ya kuandikiwa haina kosa la sarufi, na haina mtu. Insha yako ina kosa la hapa na pale, na ina sauti. Makosa mwalimu wako wa Kiingereza anaweza kuyapigia mstari ukayarekebisha mwenyewe, hilo linaruhusiwa na ni vizuri ulifanye. Ila kuwasilisha maandishi ya akili bandia kama yako, Common App wanaihesabu kuwa udanganyifu, na unapotuma fomu unathibitisha kwa sahihi kwamba kazi ni yako. Kisha kuna mtihani wa Kiingereza, na vyuo vingine vina mahojiano. Mtu aliyeandikiwa kwa Kiingereza cha wakili halafu akashindwa kueleza kwa mdomo insha yake inasema nini, amejifungia mlango mwenyewe.

Barua ya mwalimu

Hapa tofauti ya njia mbili inaonekana waziwazi kuliko kwingine, na ni mahali ambapo vijana wazuri wanapoteza sana bila kujua.

Anayejipamba anatafuta jina kubwa: mkuu wa wilaya, diwani, mzee mashuhuri kanisani au msikitini. Anayejieleza anamwendea mwalimu wa kemia aliyemwona akirudia jaribio moja mara tatu. Vyuo hivi kwa kawaida vinataka barua za walimu waliokufundisha darasani, pamoja na ya mkuu wa shule au mwalimu wa ushauri. Barua ya kiongozi inakuwa nyongeza, na kama hakujui haiongezi kitu.

Lakini hata mwalimu anayekujua anaweza kukuandikia barua isiyokusaidia, kwa nia njema kabisa. Barua zetu tulivyozizoea zinasema: *Huyu ni mwanafunzi wa shule hii, ana nidhamu, hajawahi kuadhibiwa, namtakia kila la heri.* Kwa mwajiri wa hapa inatosha. Kule msomaji anatarajia ukurasa mzima wenye tukio moja au mawili yanayoonyesha akili na tabia yako. Mwalimu hawezi kulijua hilo asipoambiwa, na kumwambia kunataka adabu. Nenda mapema, usiende akiwa anasahihisha moko, ule mtihani wa majaribio. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

"Mwalimu, naomba vyuo vya nje, na wanataka barua ya mwalimu anayenifahamu vizuri. Nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiye uliyeniona nikihangaika na ule mchanganuo wa chumvi. Wanapenda mwalimu aeleze tukio kama lile, kwa kirefu kidogo. Nimeandika hapa machache ya kukukumbusha, uyatumie ukiona yanafaa."

Kisha unamkabidhi ukurasa mmoja: vyuo, tarehe za mwisho, mambo matatu mliyopitia naye darasani. Usimpe barua iliyokwisha kuandikwa akaweke sahihi tu. Wengi hufanya hivyo, na barua mbili za walimu wawili zinafika zikiwa na sauti moja, sauti ya mwanafunzi.

Kumbuka pia barua hutumwa mtandaoni na mwalimu mwenyewe kwa barua pepe yake. Kama hatumii barua pepe mara kwa mara, kaa naye siku moja mfungue pamoja, na bando liwe juu yako.

Pale ambapo tuzo ni tuzo

Kuna kujionyesha ambako si kujipamba. Ukishinda jambo linalopimwa, liandike juu kabisa. Maonyesho ya Young Scientists Tanzania, mashindano ya hisabati, nafasi ya kitaifa kwenye matokeo ya NECTA, hivi ni vitu ambavyo mgeni anaweza kuvipima. MIT hasa wanajali ulichojenga kwa mikono, na wanakubali waombaji watume kazi zao za ubunifu. Wanataka pia mtihani wa SAT au ACT, ya kupima waombaji wa vyuo vya Marekani. Kijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) aliyetengeneza mashine ya kukamulia mawese kutoka vyuma chakavu atume picha na maelezo ya kilichoharibika njiani.

Kuomba ukiwa shuleni au baada ya kumaliza

Maombi ya mapema kwa kawaida hufungwa mwanzoni mwa Novemba, ya kawaida mwanzoni mwa Januari, na masomo huanza Agosti au Septemba. Ukiomba ukiwa Kidato cha Sita, unaandika insha katikati ya maandalizi ya moko, ukiwa bweni ambako simu hairuhusiwi, na matokeo ya maana uliyonayo ni ya Kidato cha Nne pamoja na makadirio ya walimu. Inawezekana, kama shule ina mwalimu anayelifuatilia na kompyuta yenye intaneti.

Ukisubiri, unafanya mtihani Mei, matokeo Julai, pengine JKT kwa mujibu wa sheria, kisha una miezi ya kuandika kwa utulivu na kufanya kazi halisi nyumbani. Kwa kijana wa shule ya serikali Kigoma au Tabora, mimi namshauri hii ya pili. Ina hatari moja ambayo watu hawaisemi. Ukianza kusoma shahada hapa nchini, vyuo vingi vya Marekani vitakuona kama mwanafunzi anayehama, siyo mwombaji mpya, na kwa wanaohama kutoka nje nafasi na ufadhili huwa finyu zaidi. Basi omba TCU kama kawaida, usiache nafasi ya nyumbani, lakini kabla ya kuripoti uliza chuo ulichopangiwa utaratibu wa kuahirisha.

Pesa, ambayo inaamua orodha yako

Vyuo vingine vikiona wewe ni mgeni unayehitaji msaada, hilo linaweza kukupunguzia nafasi. Vichache havitazami kabisa uwezo wako wa kulipa wakati wa kuamua, na wakikuchukua wanafidia pengo lote: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin ni miongoni mwao. Harvard wametangaza kwamba kuanzia mwaka wa masomo 2025/26, familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka hailipi kitu. Familia ya muuza dagaa imo humo kwa mbali. Kwenye fomu za kipato usibuni hati ya mshahara isiyokuwepo. Eleza kwamba mama anauza sokoni, msimu mzuri anapata kiasi gani na msimu mbaya kiasi gani. Ada ya maombi inaweza kusamehewa ukiomba msamaha, kwa hiyo anayekudai laki kadhaa ili "akuunganishe na Harvard" usimpe hata shilingi.

Masharti ya viza za wanafunzi yafuatilie ubalozini moja kwa moja, kwa kuwa yanabadilika. Na leo hii, kabla hujaandika sentensi ya kwanza ya insha, panga mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha Kidato cha Nne na kitambulisho cha NIDA utazame majina. Kama kimoja kinasema Ramadhani na kingine Ramadhan, au jina la babu lipo hapa na pale halipo, anza kurekebisha sasa hivi, kwa sababu hati ya kusafiria itafuata hayo, na marekebisho huchukua muda mrefu kuliko insha.